Wanahesabiwa lakini hawapigi kura: viti vya Marekani, Walatino, na Ibara yetu ya 89

Mwalimu wa Njoro (Nakuru) anauliza:

Hamjambo nyote. Ninafundisha Historia na Serikali, na katika kidato cha nne tuna mada inayohusu uchaguzi na kazi za serikali katika Uingereza, Marekani na India. Vitabu vinaeleza vizuri kwamba Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, kwamba viti hivyo hugawiwa majimbo 50 kwa kufuata idadi ya watu, na kwamba mgawo huo hurekebishwa kila baada ya miaka kumi, sensa inapokamilika. Visichokieleza ni kile ambacho wanafunzi walitaka kukijua mara moja, yaani iwapo asiye raia naye huingia katika hesabu hiyo.

Nilipofuatilia nilikuta kwamba huingia. Mchumaji wa zabibu kule California ambaye hana karatasi hata moja anahesabiwa sawa na jaji. Sheria ya mwaka wa 1996 inasema ni kosa la jinai asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa, lakini kuwapo kwake kunalisaidia jimbo kupata viti. Na kwa kuwa wajumbe 538 wanaomchagua rais hugawanywa kwa kufuata viti vya Baraza hilo na vya Seneti, kuwapo kwake kunaongeza uzito wa jimbo hata katika kumpata rais. Swali langu la kwanza, basi, ni hili: mbunge aliyepatikana kwa hesabu ya namna hiyo anamwakilisha nani?

La pili linahusu Walatino, yaani Wamarekani na wakaazi wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Kila baada ya miaka minne wagombea huwaandama kwa matangazo ya Kihispania, na huku kwetu watu wengi hudhani kwamba Walatino ni wahamiaji wasio na kura. Ikiwa hawana kura, wagombea wanatafuta nini kwao? La tatu, Katiba yetu ya 2010 inasema nini juu ya jambo hili? Ninaomba hoja zenye ushahidi. Ushabiki wa vyama vya Marekani tunao wa kutosha hapa Njoro.

Wakili wa Milimani (Kisumu) anajibu:

Mwalimu, pokea salamu za Kisumu. Nitalijibu swali la kwanza pamoja na la tatu, kwa kuwa Katiba hizi mbili zinakaribiana katika jambo hili kuliko watu wanavyodhani.

Msingi wa Marekani ni Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1868, ambayo yanaagiza viti vigawanywe kwa kuhesabu watu wote walioko katika kila jimbo. Kabla ya hapo, mtumwa alihesabiwa kama sehemu tatu za tano za mtu, na wamiliki wa watumwa wa kusini wakajipatia viti vya ziada kwa migongo ya watu ambao wao wenyewe waliwanyima kura, uhuru na hata majina yao. Historia hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya Wamarekani hadi leo wasiridhike na wazo la kuhesabu mtu asiyepiga kura. Lakini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Bunge lao lililijadili jambo hili waziwazi. Walikuwapo waliotaka viti vifuate idadi ya wapiga kura peke yao, nao wakashindwa, kwa sababu wakati huo wanawake hawakupiga kura, watoto hawakupiga kura, na majimbo ya kaskazini yalikuwa na wahamiaji wengi kutoka Ulaya ambao yasingekubali wafutwe katika hesabu.

Suala hilo lilirudi mahakamani mwaka wa 2016 katika kesi iitwayo Evenwel dhidi ya Abbott. Wapiga kura wawili wa Texas walilalamika kwamba maeneo ya seneti ya jimbo lao yalikuwa na idadi ya watu inayokaribiana lakini idadi ya wapiga kura inayotofautiana sana, hivyo kura ya mtu anayeishi penye raia wengi ilikuwa nyepesi kuliko ya yule anayeishi penye wahamiaji wengi. Mahakama ya Juu ilikataa hoja yao kwa kauli moja. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika uamuzi huo, alieleza kwamba mbunge huwahudumia wakaazi wote, wakiwemo watoto wanaohitaji shule na watu wanaohitaji msaada wa kupambana na urasimu wa serikali. Mahakama haikuamua, hata hivyo, kama jimbo linaweza kwa hiari yake kutumia idadi ya wapiga kura badala ya idadi ya watu, na mlango huo uko wazi hadi sasa.

Utawala wa Trump ulijaribu kupitia njia nyingine. Kwanza ulitaka sensa ya 2020 iwe na swali la uraia, na mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ikalizuia kwa sababu maelezo yaliyotolewa kulitetea yalionekana kuwa kisingizio. Kisha Julai 2020 Rais aliagiza wahamiaji wasio na vibali waondolewe katika hesabu ya kugawa viti. Mahakama ikasema Desemba mwaka huo kwamba ilikuwa mapema mno kuliamua shauri hilo, na Biden akaifuta amri hiyo alipoingia madarakani Januari 2021. Mgawo uliofuata ukawapa Texas viti viwili zaidi na kuipunguzia California kiti kimoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kuipata California tangu iwe jimbo.

Sasa tazama kwetu. Ibara ya 89(12) inasema kwamba kigezo cha kugawa maeneo bunge hupatikana kwa kugawanya idadi ya wakaazi wa Kenya kwa idadi ya maeneo bunge. Haikusema raia, wala haikusema wapiga kura waliosajiliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, ikapata watu 47,564,296, na ukigawanya kwa maeneo bunge 290 unapata takriban watu 164,000 kwa kila eneo. Ibara ya 95 nayo inasema Bunge la Taifa linawawakilisha watu wa maeneo bunge. Ni pale unapofika Ibara ya 38 na ya 83 ndipo neno raia linapoingia, kwa kuwa hizo zinahusu kuchagua, kuchaguliwa na kusajiliwa kupiga kura. Na kuna Ibara ya 119, ambayo wengi huisahau, inayompa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Kila mtu, Mwalimu. Mfanyabiashara Mganda wa hapa Kibuye anaweza kuliandikia Bunge la Kenya ombi hata kama hawezi kumchagua diwani wa wadi anamouza nguo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kuhesabiwa ndiko kunakoleta kiti, uraia ndio unaoleta kura, na sheria za nchi zote mbili zimevitenganisha vitu hivyo kwa makusudi. Nani anamwakilisha nani ni swali jingine ambalo nasaba peke yake hailijibu. Kisumu Mashariki wamemchagua Shakeel Shabbir, Mkenya wa asili ya Kiasia, zaidi ya mara moja, ilhali Waasia ni sehemu ndogo sana ya wapiga kura wa pale.

Dada wa Lurambi (Kakamega) anajibu:

Wakili ameeleza sheria vizuri, nami nitashughulika na swali la pili, ambalo wanaume wa mitandaoni hulikosea kila mwaka wa uchaguzi wa Marekani.

Mwalimu, dhana kwamba Walatino hawana kura si sahihi. Takriban wanne kati ya watano ni raia wa Marekani, na mwaka wa 2024 walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 36 wenye sifa ya kupiga kura. Wengi wa wapya ni vijana waliozaliwa huko huko na kufikisha miaka 18. Watu wa Puerto Rico ni raia tangu mwaka wa 1917, ingawa aliyebaki kisiwani hampigii rais kura, na akihamia Orlando au Philadelphia anampigia kura bila kuomba uraia kwa mtu yeyote. Hao ndio wagombea wanaowatafuta.

Kaka yangu anaishi Houston kwa grin kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, aliyoipata katika bahati nasibu ya viza, na jirani zake ni familia ya Kimeksiko. Anasema mwaka wa 2024 vijana wa kampeni walipita mtaani na simu zenye orodha ya waliosajiliwa. Kwake hawakubisha hodi kabisa, kwa kuwa jina lake halimo. Kwa jirani walimwulizia binti kwa jina lake, kwa kuwa ndiye raia pekee mtu mzima katika nyumba ile. Mama akatoka, akawasikiliza kwa Kihispania mlangoni kwa muda mrefu, akapokea karatasi zao na kuzibandika kwenye friji, na jioni mjadala wa nyumba nzima ukawa juu ya karatasi zile. Baba na mama hawana kura, lakini huwezi kuniambia kwamba hawakupiga kampeni. Jambo moja lililonishangaza ni kwamba mwenye grin kadi kama kaka yangu anaruhusiwa kisheria kumchangia mgombea fedha, ilhali kura haruhusiwi.

Kuwabembeleza Walatino si jambo la juzi. Mwaka wa 1960 wafuasi wa John F. Kennedy waliunda vilabu vya Viva Kennedy, na mkewe Jacqueline akarekodi tangazo la televisheni kwa Kihispania. Mwaka wa 1975 sheria ya haki za kupiga kura iliongezwa sehemu inayozilazimisha kaunti zenye raia wengi wasiojua Kiingereza vizuri kuchapisha karatasi za kura kwa lugha yao pia. Rais Reagan wa Republican alitia saini sheria ya mwaka wa 1986 iliyowapatia vibali takriban watu milioni 2.7, na George W. Bush mwaka wa 2004 akapata kura za Walatino kwa kiwango ambacho chama cha Republican hakikuwa kimekizoea, asilimia 40 au zaidi kidogo. Kinyume chake kilitokea California mwaka wa 1994, ambako gavana Pete Wilson wa Republican aliunga mkono pendekezo namba 187 la kuwanyima wahamiaji wasio na vibali huduma za shule na hospitali. Pendekezo lilipita, mahakama zikalizima, na wahamiaji wengi waliokuwa wamekaa na vibali vyao kwa miaka mingi wakaenda kuomba uraia ili wapige kura. Hadi leo Republican wanahangaika katika jimbo hilo. Mitt Romney naye, mgombea urais wa Republican mwaka wa 2012, alizungumzia kuwabana wahamiaji mpaka waondoke wenyewe, akaambulia asilimia 27 ya kura za Walatino.

Ukiishia hapo utadhani kanuni imekamilika: ukimgusa mhamiaji, jamaa yake raia atakuadhibu kwenye kura. Mwaka wa 2024 kanuni hiyo ilivunjika. Kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, Trump alipata asilimia 28 ya Walatino mwaka wa 2016, 36 mwaka wa 2020, na 48 mwaka wa 2024, huku akiahidi kuwafukuza wahamiaji kwa wingi. Kaunti ya Starr, iliyoko Texas mpakani na Meksiko, ambako karibu watu wote ni Walatino, ilimpa ushindi Mrepublican kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1892. Walioulizwa sababu walitaja bei ya mayai, kodi ya nyumba na petroli. Trump na mpinzani wake Kamala Harris wote walikwenda kuketi mbele ya wapiga kura wa Kilatino katika vikao vya televisheni ya Univision Oktoba ile, na ukitazama maswali waliyoulizwa utaona kwamba gharama ya maisha na matibabu vilikuwamo sawa na uhamiaji.

Ndiyo sababu simkubalii Wakili moja kwa moja. Ni kweli asiye raia anahesabiwa na mbunge anapewa kiti kwa ajili yake. Lakini anayemweka mbunge pale ni raia, na raia, hata wa damu moja naye, ana shida zake na mkopo wake wa gari. Hakuna sheria inayomlazimisha amkumbuke mjomba asiye na karatasi.

Mkaazi wa Section 58 (Nakuru) anajibu:

Mimi naona walalamikaji wa Texas walikuwa na hoja. Ikiwa maeneo mawili yana watu sawa, na moja lina wapiga kura nusu ya jingine, basi kura ya huko ina nguvu maradufu, na hilo si haki kwa raia aliyelipa kodi maisha yake yote. Wakili aniambie kwa nini nikubali.

Hata hivyo, kabla hatujawahukumu Wamarekani, kaunti yetu ya Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202 mwaka wa 2019 na ina maeneo bunge 11, yaani karibu watu 197,000 kwa kila mbunge. Lamu ilihesabiwa 143,920 na ina mawili. Hapa kwetu suala si mgeni, ni Mkenya na Mkenya mwenzake. Na mipaka hiyo ilichorwa mwaka wa 2012, Katiba ikataka ipitiwe upya kabla ya miaka 12 kwisha, na Machi 2024 ikapita tukiwa hatuna hata makamishna wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi na mipaka.

Mpakani (Busia) anajibu:

Huku kwetu mgeni huhesabiwa wakati wa kupima unga wa ugali, lakini haulizwi ng'ombe yupi auzwe. Ndivyo ninavyouelewa mjadala wenu.

Wateso na Wasamia wako Kenya na wako Uganda, na mpaka umepita katikati ya koo. Siku ya soko mgombea wa eneo bunge hushuka garini, akawasalimu wauza dagaa na wauza ndizi kwa Kiteso, akanunua bila kudai chenji, na nusu ya anaowapa mkono watalala Uganda usiku ule. Niliwahi kumwuliza mpambe mmoja kwa nini wanapoteza muda. Akajibu kwamba mama yule ana wakwe upande wetu, na akirudi kuwatembelea Jumapili atasema fulani ni mtu wa watu. Dada wa Lurambi, hao vijana wa Houston walioshika simu zenye orodha wangejifunza jambo hapa, kwa kuwa wao walimruka kaka yako.

Niongeze jambo kuhusu malalamiko tunayoyasikia kila uchaguzi, kwamba watu wanavushwa mpaka kuja kupiga kura. Mashine ya KIEMS ya kuwatambua wapiga kura kituoni inatambua alama ya kidole iliyosajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti ya Kenya. Haina habari mtu alilala upande gani. Tena tangu mwaka wa 2010 uraia pacha unaruhusiwa, na Uganda nayo inauruhusu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa raia kamili wa nchi zote mbili na kupiga kura kote bila kuvunja sheria. Kabla ya kumwita mtu mgeni, ulizia karatasi zake. Wengi wanaoitwa wageni hapa wana vitambulisho halali, na baadhi ya wanaozomea hawajajisajili.

Mwalimu wa Njoro (Nakuru):

Nawashukuru nyote. Wakili, Mkaazi wa Section 58 anadai jibu, nami nina dukuduku mawili ya kuongeza. Je, Marekani kuna mahali ambapo asiye raia anapiga kura kihalali? Na kwa kusoma Ibara ya 89, wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wanaingia katika hesabu ya Turkana Magharibi?

Wakili wa Milimani (Kisumu):

Nianze na Mkaazi wa Section 58. Hoja yake ina uzito, lakini dawa yake inauma zaidi. Ukihesabu wapiga kura peke yao, unayempunguzia mbunge si mgeni tu, bali ni kila mtaa wenye watoto wengi. Kaunti zetu zenye vijana wa chini ya miaka 18 wengi, na huku Magharibi tunazo kadhaa, zingepoteza viti kwa kosa la kuzaa. Uwakilishi una sehemu mbili: uzito wa kura yako, na foleni unayoikuta katika ofisi ya mbunge. Ofisi za wabunge wa Marekani hupokea kila siku watu waliokwama na maombi ya vibali vya uhamiaji. Mhusika hutia saini fomu ya kuruhusu faili lake lifuatiliwe, na msaidizi wa mbunge hawajibiki kumwuliza kama ana kura. Eneo lenye wakaazi wengi wasiohesabiwa lingekuwa na foleni ndefu na mbunge yule yule mmoja.

Kuhusu kura ya asiye raia, ndiyo, ipo, ila katika ngazi ya chini. Katika karne ya 19 majimbo mengi yaliwaruhusu wahamiaji waliokwisha kutangaza nia ya kuwa raia, na Arkansas ilikuwa ya mwisho kuacha, mwaka wa 1926. Leo mji mdogo wa Takoma Park, Maryland, unawaruhusu wakaazi wote kuchagua baraza la mji tangu mwaka wa 1992, na San Francisco inawaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule kufuatia kura ya mwaka wa 2016. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka wa 2021 ya kuwaruhusu wenye vibali kuchagua meya na madiwani, lakini mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliibatilisha Machi 2025 kwa msingi kwamba katiba ya jimbo inahifadhi kura kwa raia.

Kuhusu Kakuma, kwa maneno ya Katiba yalivyo, mkaazi ni mkaazi, nami ningelitetea hilo mbele ya jaji. Wapo watakaosema kwamba mkimbizi ni mpita njia. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na waliozaliwa mle sasa wana watoto wao. IEBC ilipata makamishna Julai 2025, na kazi ya mipaka inawasubiri. Ibara ya 89(7) inaitaka tume kushauriana na wote wenye maslahi, kwa hiyo wakitangaza vikao, Mwalimu, peleka hoja hii kwa maandishi pamoja na ile ya Nakuru na Lamu, nami nitaisoma rasimu yako bure.